Mwezi wa nane nahesabu siku ya 14, mimba hakuna. Mwenzangu kashika damu ikiwa bado inatoka. Hesabu ipi ndiyo?

#1 Daftari_la_Kijani
Habari zenu wakuu. Nina miaka 31, nimeolewa, tunatafuta mtoto wa kwanza. Tangu shuleni nimejua kwamba yai linatoka siku ya 14. Basi tumekuwa tukikutana siku ya 13, 14 na 15, kila mwezi bila kukosa, na huu ni mwezi wa nane. Hedhi inarudi tu.

Jana rafiki yangu wa karibu kaniambia ana mimba ya wiki tisa. Anaapa kwamba mwezi ule walikutana mara moja tu, siku ya sita, damu ikiwa inamalizikia, kisha mumewe akasafiri, na sasa ni wiki nane hajarudi. Nimempongeza kwa moyo mmoja, halafu nikaenda bafuni nikalia. Sio wivu jamani. Ni kwamba sielewi. Mimi ninayehesabu sipati, yeye asiyehesabu kapata siku tunayoambiwa haina hatari hata kidogo.

Anayejua anieleweshe: hedhi na kushika mimba vinahusianaje hasa?

#2 Jicho_la_Tai
Dada, acha kuhesabu. Mimi na mke wangu tulikaa na kalenda ukutani mwaka mzima. Siku tuliyoitoa, mwezi uliofuata akashika. Mwili ukijaa mawazo unafunga milango. Pumzika, kutaneni mnapojisikia.

#3 Mkunga_Mstaafu
Pole mwanangu. Kabla sijasema lolote, mzunguko wako ni wa siku ngapi? Sitaki unavyokisia, nataka daftari linavyosema. Siku ya kwanza ni ile damu inapoanza kutoka kweli, yale matone ya kahawia ya jana yake usiyahesabu. Unakwenda hadi siku moja kabla ya damu inayofuata. Niandikie miezi sita ya mwisho.

#4 Msema_Kweli
Siku ya 14 ni sahihi, imo kwenye vitabu. Kama imekataa basi tatizo liko kwenye kizazi, nenda kapige ultrasaundi. Tusimpotoshe mwenzetu kwa kumpa matumaini.

#5 Daftari_la_Kijani
Shikamoo mama. Nimefungua daftari: 33, 36, 34, 31, 35, 33. Hedhi inakaa siku tano. Sikuwahi kudhani urefu una maana yoyote, nilikuwa naandika tu nisije nikashtukizwa.

#6 Mkunga_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Sasa tazama hizo namba zako. Hakuna hata mwezi mmoja wa siku 28.

Mzunguko una nusu mbili. Ya kwanza inaanza na damu, yai linakuzwa ndani ya ovari mpaka lipevuke na kutoka. Nusu hii ndiyo inayovutika: kwa mwanamke mmoja siku tisa, kwa mwingine ishirini na zaidi. Ukiugua, ukisafiri, ukikonda ghafla, ndiyo inayorefuka. Nusu ya pili inaanza yai likishatoka. Pale lilipotoka panabaki kitu kinachotengeneza homoni ya projesteroni, inayoandaa ukuta wa mji wa mimba. Mimba isipotunga, kile kitu kinanyauka baada ya wiki mbili hivi, projesteroni inashuka, ukuta unabomoka, na ndiyo hedhi. Nusu hii ya pili haichezi sana.

Kwa hiyo unahesabu kurudi nyuma kutoka hedhi inayokuja. Mwezi wa siku 36, yai lako lilitoka kama siku ya 22. Nyinyi mlimaliza siku ya 15. Mbegu ya kiume ikikuta ute mzuri inaishi hadi siku tano, yai lenyewe halimalizi siku moja na usiku wake. Mlifika mapema, mkaondoka.

Na kwa nini siku ya 14 imo vitabuni? Kwa sababu 28 ukitoa 14 inabaki 14. Ni mfano uliogeuzwa kuwa sheria. Msema_Kweli, mwanangu, usimpeleke mtu kwenye hofu ya kizazi kabla hujaona daftari lake.

#7 Namba_Hazidanganyi
Nakazia #6, ila nina marekebisho mawili.

La kwanza, hata hiyo "toa 14" ni makadirio. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa mizunguko zaidi ya 612,000 iliyorekodiwa kwenye programu ya simu. Wastani wa mzunguko ulikuwa siku 29.3, na nusu ya pili wastani wake siku 12.4, si 14. Mizunguko ya siku 28 kamili ilikuwa kama 13 katika kila 100. Kwa hiyo yai la dada yetu hapa laweza kuwa linachelewa zaidi ya hiyo siku ya 22.

La pili, mama mkunga amechukua mwezi wa 36, ndio mbaya kuliko yote. Chukueni ule wa 31: yai siku ya 17, wakakutana siku ya 15, siku mbili tu kabla. Pale walikuwa mahali pazuri kabisa na mimba haikuingia. Miezi ya 33 yai siku ya 19, siku nne kabla, si haba. Ule wa 34 walikuwa ukingoni, wa 35 na 36 walishakuwa nje. Kuchelewa kwa yai kunaeleza sehemu, hakuelezi yote.

#8 Mkunga_Mstaafu
Hilo la 31 nimelikubali. Ila kumbuka hata siku bora kabisa haihakikishi mimba.

#9 Namba_Hazidanganyi
Kweli. Allen Wilcox na wenzake mwaka 1995 walifuatilia wanawake 221 kule Marekani waliokuwa wanatafuta mtoto, wakipima mkojo wao wa kila siku. Mimba zote zilitokana na siku sita: siku ya yai na tano kabla yake. Ukikutana siku ya tano kabla, nafasi ni kama 1 kati ya 10. Siku ya yai lenyewe, kama 1 kati ya 3. Baada ya hapo hawakuona kitu. Kwa hiyo mwezi mmoja mzuri katika sita, na wenyewe nafasi yake haifiki nusu.

#10 Baba_wa_Wawili
Nimesoma kuanzia juu hadi hapa na kuna mtu mmoja hajatajwa. Mume kapimwa?

Sisi tulikaa miaka mitatu. Mke wangu alimezeshwa vidonge, akapigwa picha ya mirija, akaulizwa mpaka mambo ya usichana wake. Mimi nilikuwa namsindikiza na kukaa kwenye benchi la nje. Siku nesi mmoja aliponipa kikopo, majibu yakatoka: mbegu chache, nyingi hazisogei. Miaka mitatu yote mwenzangu alikuwa anabeba aibu ya kitu ambacho hakikuwa mwilini mwake. Sijawahi kumaliza kumwomba msamaha.

Kikopo ni cha siku moja. Waliokwama, mara nyingi upande wa mwanamume unahusika, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Dada, mwambie shemeji aende.

#11 Daftari_la_Kijani
Asante sana kaka. Hajapimwa. Sijui nitaanzaje kumwambia.

#12 Baba_wa_Wawili
Mwambie mnaenda wote. Usiseme "ukapime", sema "tukapime". Mimi lingenisaidia hilo.

#13 Alfajiri_Njema
Dada, mimi mizunguko yangu ni kama yako, kalenda ilinishinda. Nilichofanya ni kuusikiliza mwili.

Kwanza ute. Hedhi ikiisha kwangu panakuwa pakavu siku kadhaa. Halafu unakuja ute mzito kama gundi. Kisha kuna siku ukijipangusa unateleza kabisa, unaonekana kama ute wa yai bichi, ukiuweka kati ya kidole gumba na cha shahada unavutika bila kukatika. Hizo ndizo siku. Ute ule ndio unaobeba mbegu na kuzilisha. Siku ya mwisho ya kuteleza, yai liko karibu sana.

Pili joto. Kipimajoto chini ya ulimi kabla hujanyanyua kichwa kwenye mto, saa ile ile kila siku. Mwezi wangu mmoja ulienda hivi: 36.4, 36.3, 36.4, 36.4, halafu 36.7, 36.7, 36.8. Ile ngazi ni projesteroni. Yai lilishatoka.

Ubaya wa joto ni kwamba linakupa habari baada ya tukio. Ute unakuambia kabla. Ndiyo maana natumia vyote.

#14 Msema_Kweli
Hayo ya vidole na ute ni mambo ya zamani. Siku hizi kuna vipimo vya mkojo vya kuonyesha yai, mistari miwili, kazi imekwisha.

#15 Nyuki_Malkia
Msema_Kweli taratibu. Vile vipimo havionyeshi yai, vinaonyesha homoni ya LH, inayopanda kwa nguvu saa 24 hadi 36 hivi kabla ya yai kutoka. Mimi nina ovari zenye vifuko vingi. LH yangu ipo juu karibu kila siku, nikawa naona mistari miwili wiki mbili mfululizo na yai halitoki. Nilivitumia mwaka mzima, nikamchosha mume wangu bure.

Na hili lisemwe: kutokwa damu hakuthibitishi kwamba yai lilitoka. Ukuta unaweza kujengeka kwa homoni ya estrojeni peke yake na kuporomoka, ukaona damu ukadhani ni hedhi ya kawaida. Dada mwenye uzi, mizunguko inayogonga 35 na 36 ni vizuri daktari aangalie homoni, tezi ya shingoni na prolaktini, ile homoni ya maziwa. Sisemi una shida. Nasema mimi nilichelewa.

#16 Jicho_la_Tai
Sasa mmemwongezea mawazo. Narudi kwenye #2.

#17 Nyuki_Malkia
Kaka, mawazo mazito yanaweza kuchelewesha yai, hilo sipingi. Lakini mimi niliambiwa "pumzika" miaka miwili. Nilipumzika sana. Kilichosaidia ni vidonge vya kuamsha yai.

#18 Namba_Hazidanganyi
Na Jicho_la_Tai, mlipoitoa kalenda ukutani mlianza kukutana mara ngapi kwa wiki?

#19 Jicho_la_Tai
Mara tatu, nne hivi. Kabla tulikuwa tunangoja siku ya 14.

#20 Namba_Hazidanganyi
Basi mkuu, kilichokupa mtoto sio mapumziko, umefanya kazi mara mbili.

#21 Jicho_la_Tai
Nacheka hapa. Lakini mke wangu naye alianza kulala vizuri, na hilo siliondoi.

#22 Kijana_wa_Zamu
Samahani nachepusha kidogo. Kwa upande wa pili, sisi ambao bado hatutaki mtoto, siku salama ni zipi? Mpenzi wangu yuko kwenye 27 hadi 30. Yule rafiki wa kwenye #1 kanitisha.

#23 Namba_Hazidanganyi
Hesabu ya kalenda inatokana na Ogino wa Japani na Knaus wa Austria, miaka ya 1920. Unachukua mzunguko mfupi kuliko yote unatoa 18, mrefu kuliko yote unatoa 11. Katikati ndiyo siku za hatari. Kwa mwenye 27 hadi 30 ni siku ya 9 hadi ya 19. Kuna njia nyingine rahisi kwa wenye mizunguko ya siku 26 hadi 32: kuanzia siku ya 8 hadi ya 19 mnajizuia au mnatumia kondomu.

Sasa rafiki wa kwenye uzi. Dada, unajua mzunguko wake?

#24 Daftari_la_Kijani
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema siku 23, wakati mwingine 24. Damu siku sita.

#25 Namba_Hazidanganyi
Hapo hapo! 23 toa 18 inabaki 5. Siku zake za hatari zinaanza siku ya tano, damu ikiwa bado inatoka. Yai lake linatoka kama siku ya 9 au 10. Mbegu za siku ya sita zilikaa zikisubiri siku tatu, nne, yai likazikuta. Hakuna muujiza. "Kwenye hedhi huwezi kushika mimba" ni maneno ya mtu mwenye mzunguko mrefu.

#26 Mkunga_Mstaafu
Kijana_wa_Zamu, nilikaa wodini miaka mingi na nimepokea watoto wengi wa "siku salama". Hata hiyo njia ya siku ya 8 hadi 19, kwa matumizi ya kawaida wanawake kama 12 katika 100 wanashika mimba ndani ya mwaka. Wakifuata bila kukosea, kama 5. Na haiwakingi na magonjwa. Mpenzi wako naye asome uzi huu, mwili ni wake.

#27 Mama_wa_Tumbo_la_Pili
Naongezea la wanaonyonyesha. Mimi nilijifungua, hedhi haikurudi, nikajiona niko salama. Mtoto alipofika miezi minane na anakula uji, nikaanza kichefuchefu. Sikuwa nimeona hata tone moja la damu! Nilidhani nimekula kitu kibaya.

#28 Mkunga_Mstaafu
Yai linatoka kabla ya hedhi, mwanangu. Yai lako la kwanza baada ya uzazi lilikutana na mbegu, basi hedhi ingetoka wapi? Kunyonyesha kunazuia vizuri pale masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto yuko chini ya miezi sita, na ananyonya tu, usiku na mchana, bila uji wala maziwa mengine. Moja likivunjika, kinga imekwisha.

#29 Upepo_wa_Kusi
Kuna anayejua ukitaka wa kiume mnakutana siku gani? Nimesikia siku ya yai lenyewe ni wa kiume, siku za kabla ni wa kike kwa sababu mbegu za kike zinaishi zaidi.

#30 Namba_Hazidanganyi
Ule ule utafiti wa 1995 uliliangalia hilo. Siku ya kukutana haikuonyesha uhusiano wowote na mtoto kuwa wa kike au wa kiume.

#31 Upepo_wa_Kusi
Mimi nilifuata na nikapata wa kiume.

#32 Alfajiri_Njema
Na mimi sikufuata nikapata wa kiume. Nafasi ni karibu nusu kwa nusu mpenzi, nusu ya wanaofuata lazima wapatie.

#33 Mama_wa_Tumbo_la_Pili
Swali dogo: huyo rafiki wa wiki tisa mbona hesabu haigongani? Kwenye #1 mumewe hajarudi nyumbani kwa wiki nane.

#34 Mkunga_Mstaafu
Ngoja, hili limevunja nyumba za watu. Wiki za mimba zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kabla hata yai halijatoka. Ndiyo zile siku 280 za makadirio ya kujifungua. "Wiki tisa" za kliniki, kwa mzunguko wake mfupi, maana yake mimba ilitunga karibu wiki saba na nusu zilizopita. Wanaume wengi wanasikia wiki, wanarudi kwenye kalenda ya safari, wanaanza ugomvi usio na msingi.

#35 Daftari_la_Kijani
Narudi baada ya wiki tatu na kitu. Asanteni wote, sikujua watu wasionijua wangenibeba hivi.

Nilinunua kipimajoto. Mwezi huu ute wa kuteleza nimeuona siku ya 17 hadi ya 20. Nilikuwa nauona miaka yote, nikadhani ni uchafu au ugonjwa mdogo, nikawa najiosha ndani kwa maji. Jinsi nilivyojisikia kuelewa kwamba ndio huo niliokuwa nautafuta! Joto: siku ya 19 36.4, ya 20 36.4, ya 21 36.7, na halijashuka. Tulikutana siku ya 16, 18 na 20.

Mume tulienda wote kama kaka alivyoshauri. Majibu: mbegu milioni 22 kwa mililita, zinazosogea asilimia 31.

Leo ni siku ya 34.

#36 Baba_wa_Wawili
Shemeji mpe hongera, amefanya jambo kubwa. Idadi iko sawa, kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni milioni 16. Kusogea ndiko kuko chini, wao wanaweka 42. Lakini kipimo kimoja hakitoshi. Mbegu inachukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, hivyo homa ya miezi miwili nyuma inaweza kuonekana leo. Rudieni baada ya miezi mitatu hivi. Aache sigara kama anavuta, na kompyuta asiiweke mapajani.

#37 Nyuki_Malkia
Joto limepanda, basi inaelekea yai linatoka. Nimefurahi kwa ajili yako. Ila homoni pima tu.

#38 Msema_Kweli
Dada, kwenye #4 nilikuwa mkali. Samahani. Mirija lakini usiisahau, ute na joto havioni mirija.

#39 Mkunga_Mstaafu
Hapo umesema kweli. Na mwanangu, acha kabisa kujiosha ndani. Na asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku uanze sasa, usingoje mimba, maana uti wa mgongo wa mtoto unajifunga mapema kuliko wengi wanavyogundua kwamba wamebeba.

#40 Jicho_la_Tai
Siku ya 34 na hedhi bado? Pima leo!

#41 Namba_Hazidanganyi
Amewahi kufika 36. Joto likiwa juu tangu siku ya 21, leo ni siku ya 14 ya joto. Bado iko ndani ya kawaida.

#42 Alfajiri_Njema
Kwangu lilikuwa linashuka siku ya 12 au 13, asubuhi ya hedhi au jana yake. Mwezi niliobeba lilipita siku ya 18 halijashuka. Usiku wa leo lala, kesho pima joto kabla hujaamka.

#43 Mkunga_Mstaafu
Mimba inajishikiza siku ya 6 hadi ya 12 baada ya yai, mara nyingi ya 8 hadi ya 10, na ndipo homoni yake inaanza kuingia kwenye mkojo. Kwa leo kipimo kinaweza kusema ukweli. Lakini kikisema hapana, usikitupie daftari lako lote.

#44 Daftari_la_Kijani
Ni siku ya 35, saa kumi na moja alfajiri. 36.8. Mume amelala. Kipimo kiko kwenye droo, sijakifungua.